Farasi wa Damu Safi na Kifaru wa Garamba



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, nilikuta watu wamezunguka simu moja chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa letu. Walikuwa wakitazama picha za daktari mmoja aliyevaa nguo nyeupe. Alitoa mimba changa katika tumbo la farasi jike wa bei kubwa, akaitia katika tumbo la farasi jike mwingine asiyekuwa na bei. Mzee mmoja akanigeukia, akasema: «Mwalimu, unaona? Wazungu sasa wanaumba! Hii ni dhambi.» Mfanyabiashara mmoja akacheka, akasema: «Dhambi gani, mzee? Mbegu safi ni mbegu safi. Lazima itunzwe isichanganyike. Hata sisi watu tuko hivyo hivyo.» Kijana wa tatu, aliyesoma kidogo, akamaliza maneno: «Msiwe na wasiwasi. Kwa dawa hiyo hiyo watamrudisha hata kifaru wetu wa Garamba. Yuko katika friji.»

Niliwajibu kwa ufupi, maana watoto wa mafundisho walikuwa wananingoja. Lakini njiani kwenda nyumbani maneno yale matatu hayakuniacha. Huyu wa kwanza aliona dhambi mahali isipokuwapo. Huyu wa pili hakuiona mahali ilipo. Huyu wa tatu alifikiri kwamba mashine itatuondolea dhambi tuliyokwisha kuitenda. Makosa haya nayasikia mara nyingi, na kwa watu wanaopokea Komunyo. Kwa hiyo leo nayajibu hadharani, moja moja.

Jambo lenyewe ni nini?

Kwanza tulijue jambo kabla ya kulihukumu. Hapa Kalemie farasi tunamjua zaidi katika picha za Mtakatifu Martini na Mtakatifu Jorji kuliko kwa macho yetu. Katika nchi nyingine farasi ni mali kubwa. Kila farasi wa ukoo ana jina lake katika kitabu, na baba yake, na mama yake, na babu zake mpaka vizazi vingi nyuma.

Farasi jike hubeba mimba miezi kumi na moja, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Mwenye mali huona mwaka huo mrefu. Jike wake hodari hawezi kukimbia mashindano naye ana mimba, tena maisha yake yote atazaa watoto wachache. Hapo ndipo daktari huitwa. Jike yule hupandwa na dume wa ukoo wake. Mimba ikitunga, hushuka polepole na kufika katika tumbo la uzazi karibu na siku ya sita. Siku ya saba au ya nane daktari hutia maji yenye chumvi kwa mpira mwembamba, kisha huyatoa tena na kuyapitisha katika chujio. Ndani ya chujio hutafuta kwa hadubini kitu cha mviringo ambacho mara nyingi hakifikii milimeta moja. Hicho ndicho mwanzo wa farasi. Wenye elimu hukiita kiinitete. Hukichukua na kukitia katika tumbo la jike mwingine, ambaye siku zake za uzazi zinalingana na za yule wa kwanza. Huyo wa pili atabeba, atazaa, atanyonyesha. Na mtoto ataandikwa kitabuni kwa jina la yule wa kwanza.

Iko njia nyingine ngumu zaidi. Daktari hufyonza mayai kwa sindano kutoka katika mwili wa jike, huingiza mbegu moja ya dume ndani ya kila yai, huyalea siku saba hivi katika chombo cha joto, kisha huyagandisha katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Yakiwa huko yanaweza kukaa miaka mingi, hata jike na dume wenyewe wakiwa wamekwisha kufa.

Mambo haya kwa farasi yalianza katika miaka ya 1970. Leo hufanywa sana Argentina na Brazili, hasa kwa farasi wa mchezo wa polo, ambao wachezaji hupiga mpira kwa fimbo ndefu wakiwa juu ya farasi. Wenye farasi wa Kiarabu nao hukubali njia hii. Lakini wenye farasi wa mbio wa Kiingereza, wale wanaoitwa Thoroughbred, wameikataa kabisa. Kwao mtoto asiyezaliwa kwa kupandana kwa desturi, na kutoka tumboni mwa mama yake mwenyewe, haandikwi kitabuni. Basi mnaona kwamba hata wenye farasi hawakubaliani.

Jibu kwa anayesema: «Wanaumba»

Mzee wangu, kwa heshima yote, nasema hapana. Kuumba ni kufanya kitu kutoka pasipo kitu. Daktari huyu hakufanya yai, hakufanya mbegu, wala hakuamuru uhai uanze. Alichukua alichokikuta, akakihamisha. Wewe mwenyewe una kitalu cha michikichi. Unaotesha miche mahali pamoja, kisha unaihamishia shambani. Je, umeumba mchikichi? Ukisema ndiyo, utanichekesha.

Jambo hili si geni kama tunavyodhani. Mwaka 1890, huko Uingereza, bwana mmoja jina lake Walter Heape alichukua mimba changa mbili za sungura wa manyoya marefu, akazitia katika tumbo la sungura wa aina nyingine aliyekwisha kupandwa na dume wa aina yake. Sungura huyo akazaa watoto sita: wanne wake mwenyewe, na wawili wenye manyoya marefu. Mwaka ule wa 1890 Mapadri Weupe walikuwa wamefika Mpala kwa miaka mitano tu. Ndiyo kusema, elimu hii ina umri karibu sawa na ule wa Ukristu wetu wa pwani hii ya ziwa.

Tena someni Kitabu cha Mwanzo. Yakobo alilisha makundi ya Labani, akachagua wenye nguvu na wenye madoadoa, akawapandisha kwa akili yake mpaka akawa na mifugo mingi. Maandiko hayamlaumu kwa kuwa mfugaji mwenye akili. Mungu alimpa mtu mamlaka juu ya wanyama, na mamlaka bila akili ni fimbo mkononi mwa mtoto. Katekismu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha jambo hili wazi: wanyama wamekabidhiwa kwetu, tunaweza kuwatumia kwa chakula, kwa mavazi, kwa kazi, hata kwa uchunguzi wa dawa, ila tusiwatese wala kuwaua bila sababu.

Lakini hapa lazima niweke mpaka, na niuweke kwa mawe makubwa, ili mtu asiuvuke kwa bahati mbaya. Kilicho halali kwa mnyama si halali kwa mtu kwa sababu hiyo tu. Mtoto wa mtu, tangu siku ya kwanza, si mali ya mfugaji. Hanunuliwi, hachaguliwi kama mche, hagandishwi katika friji kungoja zamu yake. Kanisa limesema hivyo katika mafundisho ya mwaka 1987 yanayoitwa Donum Vitae, likarudia mwaka 2008 katika Dignitas Personae. Mtoto hutakiwa azaliwe kwa upendo wa baba na mama walio katika ndoa, si kwa kazi ya fundi. Basi, anayemruhusu daktari wa farasi asidhani amemruhusu kila daktari. Farasi ni farasi. Mtu ni sura ya Mungu.

Jibu kwa anayesema: «Mbegu safi»

Sasa nakuja kwa ndugu yangu mfanyabiashara, na kwake nitakaa zaidi, kwa kuwa neno lake ndilo lenye sumu.

Damu safi maana yake nini? Maana yake ni kitabu. Watu fulani, siku fulani, walifunga kitabu wakasema: waliomo ndani ni safi, walio nje si safi. Tangu siku ile wakawaoza wa ndani kwa wa ndani. Farasi mwenyewe hajui habari za kitabu hicho.

Na matunda yake? Mazuri yako, sikatai: mbio, nguvu, sura ya kupendeza. Lakini ugonjwa nao hufungiwa ndani pamoja nao. Katika farasi wa Kiarabu uko ugonjwa mmoja ambao mtoto huzaliwa hana kinga yoyote mwilini. Huonekana mzima, anacheza, kisha mafua madogo humshika na kumwua kabla hajatimiza miezi sita. Ugonjwa huo hurithiwa kwa baba na mama pamoja, nao wenyewe huonekana wazima kabisa. Farasi wawili wa namna hiyo wakipandana, mtoto mmoja katika kila wanne anaweza kufa hivyo. Mpaka siku hizi wafugaji hulazimika kupima damu ya wazazi kabla ya kuwapandisha. Damu iliyosifiwa kuwa safi ndiyo iliyoficha mauti.

Tena mwangalieni yule jike wa pili, asiye na bei. Yeye ndiye aliyebeba miezi kumi na moja. Yeye ndiye aliyeumwa uchungu usiku, akasimama juu ya mtoto, akampa maziwa ya kwanza ambayo bila hayo mtoto wa farasi hufa upesi. Katika kitabu cha ukoo heshima yote ni ya yule mkubwa. Wazee wetu walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Bila tumbo la mnyonge, ukoo wa mkubwa ungekwisha.

Iko hadithi ya kweli inayonipendeza. Katika nyika za Mongolia alikuwako farasi wa porini ambaye watu wa huko humwita takhi. Katika miaka ya 1960 alitoweka porini kabisa. Wakabaki wachache katika mazizi ya wanyama ya Ulaya na Amerika, wote wakitoka katika ukoo wa farasi kumi na wachache tu. Mwaka 1992 walianza kurudishwa Mongolia. Na mwaka 2020, huko Marekani, alizaliwa mtoto wa takhi kutokana na chembe za mwili zilizokuwa zimegandishwa tangu mwaka 1980. Nani alimbeba? Farasi jike wa kawaida, wa kufugwa, asiyekuwa na damu ya takhi hata tone. Ukoo uliokuwa unakufa kwa uchache wake uliokolewa na tumbo la mgeni.

Basi kuwatunza wanyama walio wachache ni kitu kimoja, na kujivunia damu safi ni kitu kingine. Huko Uingereza farasi wa kulima wanaoitwa Suffolk Punch walikaribia kwisha trekta zilipokuja. Mwaka 1966 walizaliwa tisa tu walioandikwa kitabuni. Wakulima waliowahifadhi walifanya vema, kwa kuwa kitu kikipotea hakirudi, na Mungu hakukiumba bure. Hao siwagombezi. Namgombeza anayechukua neno la zizini na kulipeleka kijijini.

Maana wewe, ndugu yangu, hukuishia kwa farasi. Ulisema: «Hata sisi watu tuko hivyo hivyo.» Umesahau tulikotoka? Katika mkoa wetu huu wa Tanganyika, tangu mwaka 2013, Batwa na Baluba walipigana kwa mishale na mapanga. Vijiji vilichomwa. Mwaka 2016 na 2017 maelfu na maelfu walikimbilia hapa mjini, wakalala chini ya majani na maturubai. Sisi tuliowaona wakina mama wale wakichota maji kwa makopo tunajua neno la damu linavyozaa. Halianzi na panga. Huanza na mzaha, na wimbo, na mzee anayekataza mwanawe asioe kule. Huanza na kusema kwamba sisi ni mbegu na wale ni magugu.

Fungua Injili ya Mtakatifu Matayo, sura ya kwanza, ile orodha ndefu ya majina ambayo msomaji huogopa kuisoma. Hiyo ndiyo ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristu. Ndani yake yumo Rahabu, mwanamke wa Yeriko. Yumo Ruthu, Mmoabu, mgeni, mjane, aliyeokota masazo ya mavuno shambani kwa watu. Kama Mungu angekuwa mfugaji wa damu safi, angaliwafuta wanawake hao. Hakuwafuta. Aliagiza waandikwe, na majina yao yasomwe kanisani mpaka leo. Baada ya hapo Mkristu gani atafungua kinywa kusema habari za damu safi ya kabila?

Neno fupi juu ya fedha

Wako watakaouliza: je, tajiri hana haki ya kutumia fedha yake kwa farasi wake? Kanisa halimkatazi kumpenda mnyama. Lakini Katekismu ile ile, kifungu cha 2418, yasema kwamba si heshima kuwatolea wanyama fedha ambayo ilipasa kwanza kuondoa taabu za watu. Katika Kumbukumbu la Torati mfalme wa Israeli alikatazwa kujizidishia farasi. Solomoni akajizidishia, na mwisho wake twaujua. Bwana wetu alipoingia Yerusalemu hakuomba farasi. Aliomba punda, tena wa kuazima.

Na Mtakatifu Martini? Alikuwa juu ya farasi, ndiyo. Lakini tunamkumbuka kwa joho alilolikata nusu. Farasi wake hakuna anayemjua ukoo.

Jibu kwa anayesema: «Yuko katika friji»

Mwishowe nakujibu wewe, kijana, maana wewe ni msomaji na ulinena kwa nia njema.

Umesema «kifaru wetu wa Garamba». Ni kweli, alikuwa wetu. Mbuga ya Garamba, huko kaskazini-mashariki ya nchi yetu, iliwekwa mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa bado anahesabiwa huko kwa zaidi ya elfu moja. Vikaja vita vya uasi, bunduki zikaenea, na pembe ikawa fedha. Mwaka 1984 walihesabiwa 15 tu. Walinzi wakafanya kazi kwa uaminifu, na wengine walimwaga damu yao. Kufika mwaka 2003 vifaru walikuwa wamerudi mpaka 30 hivi. Ndipo wakaja majangili kutoka Sudan. Walikujaje? Walikuja juu ya farasi, na punda wa kubebea meno ya tembo na pembe za kifaru. Mwaka 2005 wenye kutunza wanyama walitaka kuhamisha vifaru wachache waliobaki wapelekwe Kenya wapate usalama. Kelele zikavuma nchini: ni wetu, hawatoki! Hawakutoka. Mwaka 2006 walionekana wanne. Baada ya hapo hakuonekana tena hata mmoja.

Sisemi kwamba waliokataa hawakuipenda nchi yao. Nauliza tu: mwenye kusema «ni wangu», je, hapaswi kulinda? Tulilipenda jina la mwenye mali, tukaiacha kazi ya mlinzi. Na pembe yenyewe ni kitu cha aina moja na kucha za vidole vyetu. Kwa ajili ya kucha hizo, za kufanyia vipini vya majambia na dawa isiyoponya, ukoo mzima ulimalizwa.

Sasa sikiliza habari ya friji, ujue ilivyo. Vifaru wanne wa ukoo huo waliokuwa katika zizi la Dvůr Králové, nchini Cheki, walipelekwa Ol Pejeta, Kenya, Desemba 2009. Dume mmoja, Suni, alikufa mwaka 2014. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Wakabaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Wala hao hawawezi kubeba mimba: mama ana miguu ya nyuma dhaifu, na binti ana ugonjwa katika tumbo la uzazi.

Ndipo wakaitwa waganga wa farasi. Maana kifaru na farasi ni ndugu wa mbali. Mmoja ana kwato moja, mwingine ana kwato tatu. Kundi la Thomas Hildebrandt kutoka Berlin lilitoa mayai kwa sindano, Agosti 2019, yakapelekwa kwa ndege mpaka Cremona, Italia, katika maabara ya Cesare Galli. Huyo ndiye ambaye katika maabara yake, mwaka 2003, alizaliwa Prometea, farasi wa kwanza kufanywa nakala ya mwingine. Mbegu zilikuwa zimetunzwa kutoka kwa madume waliokwisha kufa. Katika mayai kumi ya kwanza zilipatikana mimba changa mbili. Kufika mwaka 2024 zilikuwa zimezidi 30, zote zimegandishwa. Yule aliyeletwa na wapanda farasi katika mauti, leo anatafutiwa uhai na waganga wa farasi. Mimi naona hapo rehema ya Mungu, na ninawashukuru waganga hao.

Lakini tazama bei yake. Septemba 2023 walitia mimba ya kifaru wa kusini, kwa kujaribu, katika tumbo la jike wa kusini jina lake Curra. Mimba ikashika. Mvua kubwa ikanyesha, vijidudu vikatoka katika udongo, na Curra akafa mwezi Novemba. Walipompasua wakakuta ndani mtoto dume mwenye siku 70, urefu wake sentimeta 6 na nusu kasoro kidogo. Walifurahi, kwa kuwa njia imethibitika, tena walilia. Na mwaka 2024 ukaisha bila mtoto hata mmoja wa ukoo wa kaskazini kuzaliwa kwa njia hiyo. Kifaru hubeba mimba miezi 16. Hata akizaliwa leo, nani atamfundisha njia za Garamba?

Sasa linganisha na ndugu yake, kifaru mweupe wa kusini. Mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya mia moja, pembe moja ya Afrika ya Kusini. Wakati ule hapakuwa na friji ya mimba wala sindano ya Cremona. Watu waliweka mpaka, wakaweka walinzi, wakasubiri. Leo wako zaidi ya 15,000. Na Juni 2023, kumi na sita kati yao waliletwa Garamba, wakashuka katika majani yale ambayo ndugu zao wa kaskazini waliyalisha zamani. Basi, kijana, nijibu: ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi, friji au mlinzi?

Akiba haiozi, husema wahenga. Sawa, akiba hiyo iwekwe. Lakini friji si kitubio. Mwenye dhambi huungama, hujuta, hurudisha alichoiba, hukusudia kutorudia. Wewe unataka Berlin na Cremona wajute kwa niaba yako, halafu wewe uendelee kununua nyama ya porini iliyouawa usiku.

Na sisi wa Kalemie?

Msiseme: Garamba ni mbali. Tazameni ziwa lililo mbele yetu. Aina za samaki mamia kwa mamia wanapatikana katika Tanganyika tu, wala hawako mahali pengine popote duniani. Nao watu wanavua kwa vyandarua vya mbu, wanakokota ndakala ambao hawajawa hata na macho ya kuona jua. Mwaka 2024 majirani zetu wa Tanzania walifunga uvuvi wao ziwani miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaa. Ilikuwa taabu, na njaa iliingia nyumbani mwa wavuvi. Sidharau taabu hiyo. Lakini kuvumilia miezi mitatu ni nafuu kuliko kumtafuta mganga wa kugandisha mayai ya mikebuka. Na mganga huyo, kwa ndakala wa maskini, hatakuja. Huja kwa farasi wa matajiri, na kwa kifaru aliyepata sifa duniani. Samaki wetu hawana kitabu cha ukoo.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kila kiumbe humpa Mungu sifa yake, na kwamba tunapokimaliza tunawanyima watoto wetu sauti ambayo hawataisikia kamwe. Hilo ni fundisho la Kanisa. Asiseme mtu kwamba ni siasa za wageni.

Kwa hiyo, Wakristu wenzangu, nawaomba mambo machache. Msimwite mwenye elimu mchawi. Msiipeleke hesabu ya zizini katika ndoa za watoto wenu. Msinunue chandarua kuvulia samaki, wala pembe, wala jino, wala nyama ya mnyama aliyekatazwa. Na ninyi wazazi, wafundisheni watoto majina ya samaki na ndege wa hapa, maana mtu hakilindi asichokijua jina.

Mungu alimwambia Nuhu ajenge safina kabla ya mvua, wakati jua lilipokuwa bado linawaka na majirani wanamcheka. Safina ya Cremona imejengwa maji yakiwa yamekwisha kufika shingoni, na ndani yake zimo mimba thelathini na kitu zilizogandishwa. Yetu bado tunaweza kuijenga, maana huku kwetu maji hayajafika. Mbao tunazo.

Katekista, Kalemie